Kamera Niliyoomba na Kamera Iliyokuja

Nyumba ya mlango wa bluu,
Mkabala na duka la vioo.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpwa wangu mpendwa, Bwana Mbali,

Nakuandikia kamera mpya ikining'inia kifuani, kubwa, nyeusi, nzito kama mtoto aliyeshiba. Nikipita barabarani watu wananipisha. Jana muuza magazeti kaniamkia mara mbili, na dada wa saluni kakimbilia ndani kujipaka rangi ya mdomo ndipo akarudi kusimama mlangoni.

Uongo mtupu. Hakuna aliyenipisha, na dada wa saluni alikuwa anafukuza kuku. Ninachotembea nacho ni kile kidude ulichonitumia, na wala hakikai kifuani. Nimekifunga mkononi kwa kamba yake kama mbuzi wa kuazima. Tutafika huko. Kwanza salamu, sikulelewa porini.

U hali gani? Baridi ya huko imekuachia vidole vyote? Bado unafua mashuka ya hoteli, au wamekupandisha cheo sasa unapiga pasi? Unakula? Mama yako anasema alikuona kwenye simu una shingo kama bata. Nikamwambia shingo ile ni ya ukoo, asiisingizie baridi.

Hapa tu wazima. Mkazamjomba wako goti limemwachia, ugonjwa umehamia begani. Mama yako hajambo, na sauti yake bado inafika mahali kabla yake. Mimi meno yangu yote niliyobakiwa nayo ninayo.

Sasa shika kiti. Ningekupigia simu, lakini ningekata katikati kwa hasira, na vocha ni yangu.

Lile tofali langu la zamani, kamera yangu ya miaka yote, lilikata roho kwenye mahafali ya watoto wa chekechea, mbele ya wazazi wote. Lilitoa mlio kama mtu anayekunja goti, likanyamaza. Wanangu wakanionea huruma. Wakasema, "Baba, chagua kamera unayoitaka, tutachangishana, Bwana Mbali ataitafuta huko aliko."

Nikaenda dukani kuzishika kwanza, maana picha ya kamera si kamera. Binti wa kaunta akaniwekea mbili. Moja ni ile wanayoiita mirolesi. Shule mimi niliishia kwenye kugawanya, lakini hilo nilielewa: haina kile kioo cha ndani kinachoruka na kupiga kelele, basi imepungua uzito, ila bado ina mwili wa kushika na kitundu cha kutia jicho. Ya pili ni ndogo ya mfukoni, ukubwa wa sabuni iliyotumika wiki moja. Haina kitundu. Unainyoosha mbele yako kwa mikono miwili kama mtu anayemrudishia jirani sufuria, unatazama kioo cha nyuma.

Hapa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu wa nyumbani. Mikono yangu inatetemeka, mpwa wangu. Asubuhi kidogo, jioni zaidi. Mtu mmoja tu alikuwa anajua, Fundi Fremu, tuliyegawana naye chumba cha kazi tangu wewe hujaota meno, mimi na picha upande huu, yeye na misumari upande ule. Nilimwambia kwa mdomo wangu, nikamwomba afunge wake.

Basi pale dukani nikamwomba yule binti asimame, nikampiga kwa zote mbili. Akazikuza mwenyewe kwenye kompyuta. Ya ile ndogo alikuwa kama mvuke wa chai. Mikono ikinyooka mbele haina pa kuegemea. Ya ile kubwa, niliigandamiza kwenye paji la uso, viwiko nikavibana mbavuni, na kope zake ungeweza kuzihesabu. Binti akasema, "Babu, hii imetulia." Nilitaka kumbusu kichwa, nikaogopa mlinzi.

Nikarudi nyumbani, kikao kikakaa. Nikasema nataka ile kubwa. Binamu yako mkubwa, binti yangu wa kwanza, akauliza, "Kwa nini, baba?" Nikajibu kwa sababu ni kubwa. Ningejibu nini? Ningeeleza ya viwiko na paji la uso, ningekuwa nimeshatoboa ya mikono. Wakatikisa vichwa, sawa baba, sawa baba. Nikalala kama bwana harusi.

Nawe ukaniandikia kwenye simu: "Mzigo umetoka mjomba, utaufurahia." Nimeusoma ujumbe huo mpaka kioo cha simu kikapata joto. Nikafungua boksi mbele ya watu, nikakuta ile ndogo, ile sabuni.

Sitakionea kidude chenyewe. Ni chepesi, kinaingia mfuko wa shati, na kina ujanja wa kishetani: mtu akicheka, kinajipiga chenyewe. Mimi nimewachekesha watu maisha yangu yote kwa maneno ya aibu ndipo nibonyeze, hadi wakanibandika jina Mzee Cheka, sasa kazi hiyo imechukuliwa na betri. Nimempiga mkazamjomba wako amelala mdomo wazi. Amenuna siku nzima. Picha ilitikisika, lakini mdomo unaonekana.

Siku ile ya boksi nilikuwa nimeshaanza kujichekesha ili watoto wasione uchungu wangu, ndipo binamu yako akaniwekea mkono begani. "Hiyo ni nyepesi, baba. Haitakusumbua mikono."

Mikono? Nani aliyetaja mikono katika nyumba hii?

Nilikwenda kazini kwa miguu, sikuaga. Fundi Fremu nilimkuta anapigilia kioo cha mtu.

"Umewaambia," nikasema.

"Nimewaambia nini tena?"

"Mikono."

Akaweka nyundo chini polepole kama anaweka yai. "Mzee Cheka, kaa kwanza."

"Sikai. Nikikaa utanipa chai."

"Chai ipo kweli."

"Unaona!"

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Binti yako alikuja hapa akaniuliza uso kwa uso. Ulitaka nimdanganye?"

"Ndiyo! Kwani rafiki ni wa kazi gani?"

"Nimedanganya sana, bwana wee. Nimechoka. Picha za harusi ya mwalimu, unafikiri ni kwa nini nilitia tatu tu kwenye fremu? Zilizobaki bibi harusi alikuwa na pua mbili. Nikamwambia mwalimu mashine ya kuchapia imeharibu."

Na kila jioni alipokuwa anafunga mlango alikuwa ananiambia mkono wangu bado uko vilevile. Kila jioni! Mimi nilikuwa naenda nyumbani kifua mbele na kilemba cha ukoka kichwani.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningekutukana."

"Haya sasa."

Nikamweleza ya dukani, ya paji la uso na viwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Sasa mbona nyumbani hukusema hivyo?" Nikasimama nimeshika mlango kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Chai yake sikuinywa. Sasa ninapita barabara ya nyuma ili nisimwone, na ile barabara ina mbwa.

Kinachonichoma si kwamba ametoboa siri. Ni kwamba nilikuwa nimezungukwa. Yeye anajua, binti yangu anajua, mkazamjomba wako nadhani alijua siku nyingi maana vikombe ananijazia nusu. Na wewe unajua, uliyeko mbali huko, kwa sababu binamu yako alikupigia ubadilishe, ukabadilisha, ukaniandikia nitaufurahia. Mmekaa kikao kuhusu mikono yangu na mimi mwenye mikono sikualikwa. Hata marehemu huwekwa katikati ya chumba!

Ungesema ni kamera tu, mjomba. Si kamera tu. Mjukuu wangu, binti wa huyo binamu yako, anaolewa Jumamosi ijayo. Unaijua ile varanda ya kwetu, picha za wanawake wa ukoo huu zimepangana ukutani, kila mmoja anatoka mlangoni kwa mama yake siku ya kuolewa kwake. Mama yako yumo, amekunja uso kwa sababu kiatu kilimbana. Binamu yako yumo. Zote nimepiga mimi. Huyu mtoto tangu anatambaa alikuwa ananionyesha pale ukutani palipo wazi, anasema pake ni pale. Nilikuwa nainunulia kamera nafasi ile.

Sasa wameajiri kijana. Nimemwona, anatembea na kamera mbili kubwa, moja kila nyonga, kama anakwenda kuvamia benki. Ana adabu lakini, aliniamkia vizuri. Na mimi binamu yako kanipangia kazi: "Wewe baba utatupigia zile za pembeni, za kujifurahisha." Za kujifurahisha, mpwa wangu! Nimebaki kumpiga shangazi wa watu akitafuna.

Hayo ndiyo yangu. Nisalimie wenzako mnaolala chumba kimoja, hasa yule anayekoroma, mwambie mjomba wako amewahi kuishi na mtu wa namna hiyo na amemzalisha watoto. Mkazamjomba wako anakusalimu. Mama yako anasema vaa soksi. Binamu yako sikumwambia kama naandika. Mungu akufunike huko uliko, akupe joto kwenye mifupa na mabosi wenye usingizi mwingi.

Lakini sijafunga bahasha, msafiri wa kuja huko kesho ataipitia jioni. Kuna fadhila yangu kwako, naidai leo.

Unakumbuka ulivyokuja studio kupiga picha ya pasipoti? Uliingia macho yamevimba, ukasema ni vumbi. Vumbi gani la kumtoa mtu makamasi? Nikageuza kibao cha mlango, nikakuacha ulie yakutoke moyoni kwanza, nikakuletea maji ya kunawa, ndipo nikakupiga ukatoka mwanamume mzima wa kusafiri. Mama yako mpaka leo anaamini uliondoka unacheka. Sijamwambia yeye, sijamwambia Fundi Fremu, sijamwambia mto ninaolalia.

Basi mpigie simu bibi harusi, wewe anakusikia. Mwambie amwombe yule kijana aniazime moja ya kamera zake kwa picha moja tu, ile ya mlangoni. Ya mikono mweleze, nimekuruhusu, eleza yote, na umwambie ikiegemea usoni inatulia. Kijana naye apige ya kwake hapohapo, sikatai. Mimi mwenyewe nimejaribu kumwambia mjukuu wangu mara mbili, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Mpigie kabla ya Ijumaa.

Ni mimi ninayekupenda huku nimekununia,
Mjomba wako,
Mzee Cheka.