Neno Ulilolimeza kwa Ajili Yangu

Mama yangu mpendwa,

Jana nilifika Matombo. Mdalasini uliouanika wiki yako ya mwisho bado uko kwenye mkeka nyuma ya mlango. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuondoa. Nimekaa jikoni kwako, nimekula ndizi na maharage, sahani nzima, nikaona nikuandikie.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiishi Mwembesongo, najifunza ushonaji? Nilishindia chai kavu huku nikikudanganya kwenye simu kwamba nimeshiba. Kila kitu mjini kilinishinda, ila njaa niliimudu, na nikajiona shujaa. Watu wakasema vidonda vya tumbo, wengine nimerogwa. Wewe ukasema, "Jina lake silijui, lakini mwanangu anaogopa chakula." Mshauri wa hospitali alikuja kuniambia hilohilo, kwa maneno marefu zaidi.

Nikaanza kula, kidogo kidogo. Nilipokuja kukusalimia, mama mdogo Perpetua alinipokea barabarani kwa vigelegele: "Jamani, umenenepa! Mashavu hayo!" Kwetu hakuna salamu tamu kuliko hiyo, na alinipenda, maskini. Lakini mimi nilisikia mtu akinipima. Jioni ile sikugusa ugali, kesho yake vilevile, na nikaanza kukonda upya.

Hukunigombeza. Ulijifunga kanga ukapita nyumba kwa nyumba, hadi kwa wanakwaya wenzako, ukiwakataza wasiguse habari za mwili wangu. "Mkimwona, muulizeni mdalasini." Wakatii! Nikawa nikishuka tu kwenye gari, kabla shikamoo yangu haijaisha, naulizwa, "Marahaba, mdalasini wenu umekauka?" Nilicheka mpaka nikasikia njaa. Na wakati wa kula ulikaa umeelekea moto, umenipa mgongo, ukinisimulia vituko vya kuku wa jirani, ili nisijione natazamwa kila tonge.

Mshauri alinisaidia, sikatai. Ila nilianza kupona nyuma ya mgongo wako, mama.

Kinachoniuma ni mwaka ule wa mwisho. Nilishajua siogopi tena. Ulikuwa ukinipokea, unanishika mkono juu ya kiwiko, unaubonyeza, unaanza kutabasamu, halafu unafumba mdomo na kuniuliza habari za mdalasini. Nilikuona ulivyotamani kulisema lile neno, "Umenenepa." Nilitaka kukuambia, "Mama, sasa sema." Nikaona aibu, nikajiambia nitakuambia Pasaka. Pasaka haikukukuta.

Leo mama mdogo ameingia humu jikoni. Amenitazama, machozi yakamlengalenga, kisha akauliza kama ulivyomfundisha: "Mdalasini umekauka?"

Nikamwambia, "Mama mdogo, nimenenepa. Sema tu."

Amesema, tena kwa vigelegele. Nami nimelia sana, kwa sababu nilitaka kulisikia kwako kwanza.

Pumzika, mama. Mdalasini nitauondoa kesho.

Ni mimi binti yako, niliyenenepa.