Viatu Kwenye Kapu la Yatima

Mama Watoto,

Nimewahi kazini. Kapu la zawadi za Krismasi za watoto yatima liko mlangoni. Ukifunge upya kile kifurushi cha bluu, nilikichana mimi. Ndani mna viatu vya marehemu mwanetu. ~~Virudishe kabatini.~~ Vipeleke.

Asubuhi nilimuuliza kitindamimba wetu nani aliyemruhusu kuvigawa. Akajibu, “Kaka mwenyewe, Baba. Anasema siku hizi vinambana.”

Usimkaripie. Msimamo wangu unaujua: aliyekufa hakui, wala harudi kulalamikia viatu. Nilikusudia kumweleza hayo kwa utaratibu, kama ilivyo desturi yangu inayokuchosha. Badala yake nilijikuta nimechutama mbele yake, nikimuuliza, “Sasa kaka anavaa namba ngapi?”

Baba Watoto