Wadudu Kutoka Mpakani

Ramisi, 4 Mei 2024

Mwanangu Thoya,

Salamu sana. Hujambo huko Nairobi na baridi yake? Mimi magoti yananisumbua, lakini nashukuru Mungu.

Nakuandikia kwa kuwa simu siiamini. Mke wa mzee Garama hushinda nyuma ya ukuta wangu, na nikisema neno asubuhi, jioni nalisikia kisimani.

Sukuma wiki yangu yote, ile ninayowapelekea wa hoteli za Diani, imeliwa. Ni viwavi weusi, wamebakisha vijiti vitupu. Nimewapiga dawa ya viwavi mara mbili, wanaoga tu. Lakini ng'ambo ya mpaka, mihogo na kunde za Garama hazina hata tundu. Tangu tugombanie ule ukanda wa mpakani, mtu huyo ananiangalia vibaya. Nimemshtaki kwa wazee kuwa amenitupia uchawi, nao wameamua Jumamosi ya tarehe 25 ashike shoka la moto. Kama hana hatia, mkono hautaungua.

Nimempa Sefu wa basi chupa yenye viwavi. Wewe unasomea wadudu. Niambie uchawi huu umetupiwa nani kati yetu, mimi au shamba.

Mamako.

---

Nairobi, 8 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Pole kwa magoti, na pole zaidi kwa shamba.

Nimewatazama kwa kioo cha kukuzia. Mama, hawa si viwavi. Kiwavi wa nondo hana zaidi ya jozi tano za miguu laini ya tumbo. Hawa wana nane. Nadhani ni watoto wa nyigu-msumeno, mdudu anayefanana na nyigu ila hana mwiba. Ndiyo maana ile dawa haiwaui, imetengenezewa watoto wa nondo.

Ila kudhani si kujua. Weka wengine kwenye sufuria yenye udongo na majani ya sukuma, ufunike kwa chandarua. Watajichimbia, kisha watatoka na mabawa. Nitumie hao. Pia wawekee wachache jani la muhogo, uone kama watalila.

Tafadhali, waambie wazee wangoje.

Mwanao, Thoya.

---

Ramisi, 22 Mei 2024

Thoya,

Hujambo? Mimi sijambo, ila moyo haujatulia.

Nilifanya ulivyosema. Jani la muhogo hawakuligusa, wamekufa juu yake. Wa sufuria wametoka: tumbo la rangi ya chungwa, kichwa cheusi. Hawa hawa wamejaa kwa Garama! Wanatua kwenye maua ya dania yake aliyoiacha ikomae mpakani. Anawafuga, Thoya. Anawalisha kwake, wakishiba wanakuja kwangu.

Na wewe, kwa nini unataka wazee wangoje? Dama mimi si mtoto. Nasikia mwana wa Garama naye yuko Nairobi. Mmeonana?

Wadudu anao Sefu. Jumamosi ni Jumamosi.

Mamako.

---

Nairobi, 24 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Sijaonana na mtu. Nimekesha na wadudu wako tu, na mwalimu wangu amewathibitisha: wanaitwa Athalia sjostedti.

Sikiliza. Wakubwa hunywa utamu wa maua, ndiyo maana umewaona kwenye dania. Watoto hula jamii ya kabichi na sukuma, basi. Muhogo na kunde si chakula chao. Jike ana kifaa kama msumeno mkiani, anapasua ukingo wa jani na kuficha mayai ndani. Elekeza jani changa kwenye jua, utaviona vivimbe. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Waokote wote, pindua udongo, na msimu ujao panda kunde hapo.

Sefu ameahidi kukufikishia asubuhi. Mama, soma barua hii mbele ya wazee. Mzee wa miaka yake akiungua kiganja, hatashika jembe tena.

Mwanao, Thoya.

---

Ramisi, 9 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kuandika, nisamehe.

Sefu alinikuta uwanjani, shoka limeshawekwa motoni. Niliisoma barua peke yangu kwanza. Nikajiambia, huyu mtoto amenunuliwa. Nikaikunja, nikaitia kwenye kanga. Shoka likatolewa likiwa jekundu. Garama akakunjua kiganja bila kuambiwa, akaniangalia. Si kwa chuki, Thoya. Kama mtu anayemtazama mgeni.

Nikapiga kelele, "Basi! Rudisheni!" Nikasoma yote kwa sauti. Mzee mmoja akaniambia, "Dama, unatuchezea?" Nikakimbia shambani, nikarudi na jani changa lililochipua, nikaliinua juani, nikawaonyesha mayai mmoja mmoja mpaka wakaacha shoka lipoe.

Garama alitia mkono mfukoni akaenda zake. Jioni nilimpelekea mkate wa mofa. Nikapiga hodi. Nikamsikia akimwambia mkewe, "Mwambie nimelala." Jua lilikuwa bado kali.

Nimeenda tena mara nyingi. Sasa hata mkewe haji mlangoni.

Ukija Disemba, mwanangu, usishukie kwangu. Anzia kwake. Wewe atakufungulia.

Mamako, Dama.