Nilimdanganya Fundi Friji Kuhusu "Chill Out"

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie haraka maana Jumamosi iko mlangoni na mimi chakula hakishuki. Nafundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima, na darasani nina fundi friji, mtu mwenye wajukuu, anakuja na ovaroli yake ya kazini na kukaa mbele kabisa, sasa siku moja tulikuwa kwenye maneno ya vijana nikaeleza kwamba "chill out" ni kumwambia mtu atulie, apunguze jazba, au ni kupumzika tu na wenzako bila shughuli, hapo niko sawa, basi fundi akanyoosha mkono, "Mwalimu, limetoka wapi hili?" na mimi sijui nilipatwa na nini, nikaanza kutunga, nikasema zamani kulikuwa na kiwanda cha barafu, wafanyakazi wakigombana msimamizi anawafungia kwenye chumba cha baridi mpaka hasira ziishe, wakitoka wanacheka, na darasa zima likapiga makofi.

Weee! Fundi kaipenda hadithi hiyo, anawasimulia wateja, kaichora mpaka ukutani kwenye karakana yake. Juzi kanishika mkono, "Mwalimu, miaka yote hii nahangaika na baridi, kumbe Kiingereza nacho kimepita humu humu kwetu!" Na wenzake wamemchagua azungumze kwenye sherehe ya kumaliza mafunzo Jumamosi hii, atasimulia hiyo hiyo, mbele ya mkuu wa chuo, mama ambaye akisikia kosa anachukua maikrofoni na kukusahihisha hadharani, na fundi amewaalika mashemeji zake, wale waliomcheka kwamba mzee mzima anabeba daftari, na mkewe amemshonea shati jipya. Nikisema ukweli nitaonekana tapeli na kazi itaota mbawa, nikinyamaza ataaibika yeye. Labda mkuu hataijua kuwa ni ya kutunga? Niambie labda hataijua.

Mwalimu wa Jioni

Marahaba, Mwalimu. Ataijua. Na hata asipoijua, wewe unajua, ndiyo maana chakula hakishuki.

Nakuhurumia, kusimama mbele ya watu wazima wanaokutazama mdomoni si mchezo. Lakini na wewe! Mtu anakuuliza swali zuri, unampa habari za kufungia watu kwenye baridi? Kusema "sijui" kungekuua? Huyo baba ana umri wa kukuzaa, amemeza aibu yake akaja kuanza upya, wewe ukashindwa kumeza yako kwa dakika moja.

Ukweli wenyewe wala hautishi, nimewauliza wanaojua. "Chill" ni neno la kale la Kiingereza, la baridi, na hii "chill out" ya kumtuliza mtu ilivuma kwa vijana wa Marekani kwenye miaka ya sabini na themanini. Nani aliitamka kwanza, hakuna ajuaye. Mtu akiwaka unamtaka apoe, basi. Hata sisi tunasema hivyo na hatujawahi kufungiwa kiwandani. Kwa hiyo baridi ya fundi imo. Kiwanda ndicho chako.

Sasa nenda karakanani kwake leo, siyo Ijumaa, na usipige simu. Usianze na "nilikuwa natania." Sema, "Mzee wangu, sikujua, nikatunga, nisamehe." Akikufokea, nyamaza, ana haki. Akimaliza, kaeni hapo katikati ya friji zake mbovu muipange upya hotuba yake. Kisha mwendee mkuu mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Kazi huenda ikayumba, hilo siwezi kukudanganya, umeshadanganya wewe kwa niaba yetu sote.

Jumamosi kaa mbele kabisa, kama anavyokaa yeye darasani. Atasimama na shati lake jipya, mashemeji wanamtazama, na akifika penye swali la nani alilisema neno hili kwanza, atasema wazi kwamba hajui. Msikilize vizuri, Mwalimu, uone neno "sijui" linavyosemwa.