Friza ya Wifi na Kikombe cha Bosi

Jumapili, 4 Mei

Wifi mkubwa,

Sasa hivi mwanao amekula mkaa. Nilikuwa mlangoni nakung'uta kitambaa, kugeuka namkuta kakaa katikati ya sinia la mkaa niliouanika, mdomo mweusi tii, meno yake mawili yanang'aa, ananichekea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nikamfuta ulimi kwa kidole, akaning'ata. Mama yenu kacheka mpaka kashika ubavu, eti mtoto huyu mswaki wa nini.

Samahani nimetanguliza mkaa kabla ya salamu. Shikamoo. Habari za huko machimboni? Mgongo umepoa? Bado wale wavunja mawe wanalalamika chakula hakina chumvi? Sisi huku hatujambo sote. Mama ni magoti tu akipanda ngazi, mdogo wako ana mafua yake yaleyale, usoni hana pua ana pambo. Bosi ndiye huyo mweusi.

Mkaa wenyewe ni wa friza yako. Wifi, tulivyofurahi uliposema tukaichukue chumbani kwako! Mdogo wako na mtu wa mkokoteni wakaisukuma mpaka hapa, tukabandua ule utepe uliouzungushia mfuniko pande zote, tukafungua. Mtu wa mkokoteni alirudi kinyumenyume hadi barabarani.

Nimeosha kwa sabuni. Nimeosha kwa siki. Nimeosha kwa magadi. Nimeweka bakuli la kahawa ya unga ndani, nimeweka mkaa, mchana nauanika juani na jioni naurudisha. Nikiacha mfuniko wazi harufu inapungua, naanza kuimba. Nikifunga, asubuhi imerudi, imetandaza miguu kama mgeni aliyesema nalala leo tu. Fundi wa mapazia, jirani yetu, akanionea huruma akaipulizia manukato yake. Sasa inanuka samaki anayekwenda harusini.

Najua nakuchosha, ila unajua kwa nini naitaka. Msimamizi wa kile kiwanda cha kushona sare amekubali kunishikia cherehani moja mpaka Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Na Bosi hajafikisha hata miezi minane. Maziwa ya kopo tulijaribu, yakamtoa vipele kuanzia shingo mpaka nyayo. Muuguzi akasema nikamue yangu, niyagandishe, Mama atamnywesha kwa kikombe nikiwa kazini. Kwa hiyo friza hii kwangu si ya fahari wifi, ni ziwa langu la tatu. Nimegandisha maji matupu kwanza kujaribu. Barafu ya maji matupu ikanuka samaki!

Hebu niambie, hao samaki wako uliwafanya nini humu, uliwazika? Ila wewe na harufu yao mnaelewana. Mdogo wako anasema ulipokuwa unarudi kutoka sokoni jioni, walikuwa wanakujua kabla hujapiga hodi.

Nijibu upesi. Lori la mikate linarudi huko kesho.

Wifi yako,
Mama Bosi


Jumapili, 18 Mei

Wifi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Lori limekuja mara mbili. Leo nimemngoja dereva pale dukani mpaka akamaliza kushusha mikate. Nikamuuliza, "Hajakupa kitu?" Akasema, "Kanipa chai, na kipande cha mkate niliompelekea mwenyewe. Barua hakunipa." Nikamuuliza basi uso wake ulikuwaje. "Dada," akasema, "mimi ni dereva, nasoma barabara."

Wakati wa kula nikamweleza mdogo wako. Akauliza, "Kwani ulimwandikia nini?" Nikamsomea kwa kichwa, maana naikumbuka yote. Nilipofika kwenye kupiga hodi akaweka kijiko chini. "Hilo ulimwandikia?" Nikasema si utani tu, wifi kwa wifi, na wewe ndiye uliyenitajia! Hakucheka.

Ndipo akanieleza. Mimi wakati ule nilikuwa nimekwenda kwetu kujifungua. Akanieleza umeme ulivyokatika wiki nzima na friza imejaa mpaka mfuniko haukai. Ulivyotafuta barafu mji mzima. Ulivyowabeba samaki wote kwa ndoo kwenda kuwatupa, safari baada ya safari, na kila aliyetaka kukusaidia ulimfukuza. Mimi niliporudi na Bosi mgongoni niliambiwa umepata kazi ya upishi machimboni, nikasema oo, vizuri. Nikala keki ya kuniaga uliyoniachia. Sikuuliza hata kwa nini mwenye biashara yake ya samaki amekwenda kupikia watu wa mawe.

Wifi, nisamehe. Sikujua nacheka juu ya nini.

Ya friza usijisumbue. Nilikamua kikombe kimoja nikakigandisha, nikakiyeyusha kwenye maji ya moto, Mama akampa. Bosi akanusa, akageuza uso, halafu akanitazama mimi. Si Mama aliyeshika kikombe, mimi! Kama mtu aliyegundua ameuzwa. Mama akaonja tone kwa kidole akafikiri kidogo. "Samaki," akasema, "na waridi."

Nikifika mwisho wa mwezi hivi hivi, nitamwambia msimamizi ampe cherehani mtu mwingine. Mdogo wako anasema tutaishi tu, na ni kweli, tunaishi. Ila nilikuwa nimeshaanza kuisikia ile mashine masikioni, hata nikifua mikono inasukuma nguo kama napitisha mshono.

Usinijibu ya friza. Nijibu mgongo tu.

Wifi yako mdomo mrefu,
Mama Bosi


Jumapili, 25 Mei

Mama Bosi,

Marahaba. Na nyingine ya ile barua ya kwanza, nilikunyima. Mgongo umepoa. Chumvi bado kesi, leo mmoja kaniletea ya kwake mfukoni.

Wewe mtoto, nani kakwambia nimekasirika? Sawa, nilikasirika. Siku mbili. Siku ya tatu nikasoma tena pale kwa samaki anayekwenda harusini, nikacheka peke yangu jikoni mpaka wenzangu wakaniondolea kisu mkononi. Lakini kukujibu ilinibidi nirudi mle ndani kwa akili, nishike kila kona, na nilijiapiza sirudi. Basi nimerudi. Si kwa ajili yako, kwa ajili ya huyo mla mkaa. Mwambie namdai busu jeupe, lisilo la mkaa.

Sasa nisikilize vizuri. Friza ile niliiosha mara tatu, kila nilipopaona. Nikaufunga mfuniko ungali na unyevunyevu, nikazungusha utepe, vumbi lisiingie wala mende. Hapo ndipo nilipoharibu. Friza ikizimwa huachwa wazi ivute pumzi, hilo hata mimi nalijua. Siku ile nilikuwa nataka kufunga kitu tu wifi, kitu chochote kifungike.

Ndani, chini kabisa pembeni, kuna kizibo kidogo cheupe. Umekiona, nina hakika umekisugua na kukisifu. King'oe. Hapo kuna njia ya maji inapita chini ya sakafu ya friza mpaka kizibo cha pili, nje, karibu na mguu wa mbele. Piga magoti utakiona. Kati ya hivyo viwili, maji ya samaki wangu yamelala tangu siku ile. Unafagia nyumba nzima, mwizi yuko chini ya kitanda.

Chomoa umeme kwanza. Tega sinia chini, fungua kizibo cha nje, mwagia kwa ndani maji ya moto yenye magadi. Mengi. Chukua waya laini, ufunge kitambaa mwishoni, uupitishe mpaka utokee upande wa pili ukiwa safi. Halafu ndiyo siki. Ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiitie kabisa pamoja na siki, itakukaba koo. Kisha ule mpira wa mfuniko, ufunue mikunjo yake yote upige mswaki kama unavyomsugua mtoto meno, mpaka nyuma. Iache wazi juani siku mbili, na mfuniko uuwekee gogo usije ukamwangukia Bosi. Fundi wa mapazia abaki na manukato yake.

Harufu itakayotoka kwanza itakuwa mbaya. Nisimulie. Nataka nijue imetoka.

Na cherehani usimpe mtu.

Wifi yako mkubwa,
yule mnayemjua kabla hajapiga hodi


Jumapili, 1 Juni

Wifi wangu,

Shikamoo, na hatujambo, na naandika kwa kunong'ona kama barua nayo ina sauti. Nimekaa ngazi ya nyuma ya nyumba. Mama yuko ndani na Bosi na kikombe, kapiga marufuku nisikohoe, nisichungulie, hata kivuli changu kisipite dirishani, maana mtoto akijua nipo atataka maziwa ya kwenye ghala lenyewe. Kwa hiyo nakuandikia wewe ili mikono yangu isifungue mlango.

Umesema nikusimulie. Mdogo wako alilala chali sakafuni, akashika kizibo cha nje, kikagoma. Akakishika kwa koleo. "Labda si hiki," akasema, na hapohapo kikaruka. Maji yakatoka meusi, mazito, hayakuliona sinia wifi, yalimwona yeye, yakaingia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani. Mtu ambaye sijamwona akinusa kitu tangu nimeolewa alisema "Lo!" akakimbilia bombani. Mafua yamepona. Kwa fundi wa mapazia nikasikia madirisha yanafungwa, moja, jingine, jingine.

Nikamwaga maji ya moto ya magadi, nikapitisha waya, nikamwaga tena. Mama alisimama na ndoo nyuma yangu anasema, "Tena. Tena. Huyo hajaondoka." Kitambaa kilipotokea safi tulikaa wote watatu chini tukakitazama. Kwenye sinia yalibaki magamba machache. Sikuweza kuyatupa na uchafu. Moja nimelisugua kwa sabuni likang'aa kama kifungo, nimelitia kwenye bahasha hii. Linuse. Halinuki kitu.

Baada ya jua nikaiwasha, nikaweka kipande cha mkate bila kukifunika. Kesho yake Mama akakitafuna macho kafumba. Tukamngoja. "Mkate," akasema.

"Mkate tu, Mama?"

"Mkate tu. Mbaya. Lakini mkate."

Basi tangu siku hiyo nakamua. Vikombe vyangu vya mifuniko vimejipanga kona moja ya friza kama wanafunzi mstarini. Friza ni kubwa wifi, maziwa yamechukua hiyo kona tu. Upande wa pili mtupu. Sikutumii ujumbe wowote, nasema tu upande wa pili ni mtupu, na vizibo vyote viwili sasa navijua, na Mama kila akipita anaufungua mfuniko, anatazama, anaufunga, anasema, "Mwenyewe akija ataona."

Msimamizi nimemwona jana. Kanionyesha cherehani yangu, iko karibu na dirisha, gurudumu lake linalia kidogo. Nitalitia mafuta.

Mwanzo nilikuwa nasikia kijiko kinagonga kikombe. Sasa sisikii kitu. Kimya cha Bosi ni cha aina mbili, cha kula na cha kuharibu, na kwa nje vinafanana. Mama anamwimbia. Sasa kaacha kuimba. Wifi, usiuseme huu mwandiko, naandika huku nausogelea mlango. Sikio limegusa mlango, nasikia...

Kikombe kimegonga meza. Kimegonga kitupu, nakijua kinavyolia kikiwa kitupu!

"Mama Bosi!" Ananiita. "Mama Bosi, lete kingine!"

Kingine, wifi! Nakuja, Mama! Nilitaka kukwambia, kesho nikikaa dirishani pale nikakanyaga ile mashine mara ya kwanza, nita...