Mkono wa Cheptoo Msimu Huu

Mama mpendwa,

Chamge. Unisamehe kunyamaza tangu Pasaka. Mtoto anaota meno, mchana kutwa nachuna majani chai, na nikifika nyumbani usingizi unanishika hata kalamu ikiwa mkononi. Tuko wazima. Mguu wa Baba unaendeleaje? Na ile ng'ombe nyeusi, imezaa?

Sasa habari ya mdogo wangu Cheptoo. Ulimtuma kwangu alee mtoto, na amemlea vizuri. Lakini jioni alianza kucheza softiboli na akina mama wa mashamba ya chai. Yeye ndiye mrushaji: anarusha mpira, mwenye rungu anajaribu kuupiga, akikosa mara tatu anatoka. Mechi ya kwanza, Mama, tuliaibika! Alizoea kufukuza tumbili kwa mawe katika mahindi yako huko Soin, akadhani kazi ni kumlenga mtu. Aligonga wanne. Mmoja, Mellen, alipiga kelele kwamba yeye hajaiba mahindi ya mtu. Uwanja mzima ulicheka, na tukafungwa kumi na nane kwa mbili.

Kocha Bosire akamwambia aachane na mbavu za watu, alenge glavu ya mdakaji anayechutama nyuma ya mwenye rungu. Basi! Mechi kumi na mbili zilizofuata ameshinda kumi na moja. Wanawake tisini na sita wametolewa na mkono wake bila kugusa mpira; mrushaji anayemfuata kwa ligi hajafika hamsini. Ile moja tuliyoshindwa alirusha akiwa na malaria, na bado walipata pointi moja tu. Siku ya fainali mashabiki walimwambia kila mwenye rungu akalitumie jikoni kusonga kimyet. Hata Mellen siku hizi hujisifu kwamba aligongwa na Cheptoo kabla hajawa mtu mkubwa.

Kipkurui alinifikishia neno lako, kwamba wazee wa Chepseon wanakuja kwa koito Desemba kumposa Cheptoo, kwa hivyo arudi. Kijana wao ni mzuri, sikatai. Lakini kampuni moja ya Nairobi yenye timu imemtaka, impe kazi na mahali pa kulala. Cheptoo alisema neno la Mama ni la mwisho, akakunja nguo zake arudi Soin. Mimi nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Alilia kwanza, halafu akasema anataka kurusha.

Mama, alienda Nairobi Jumatatu. Ni mimi niliyemruhusu, usimlaumu. Mimi nilipoposwa hakuna aliyeniuliza. Nampenda baba ya mtoto, lakini hakuna aliyeniuliza. Wazee wangoje, ama waende boma lingine.

Msalimie Baba, na wote wa kanisani. Sasa nachuna chai mtoto akiwa mgongoni, kwa hivyo naomba unitumie shuka nzito ya kumbebea, yangu imeraruka, unga wa wimbi wa uji wake, maziwa ya mursik kidogo, na cheti cha kuzaliwa cha Cheptoo, kiko kwa sanduku la Baba. Kampuni inakitaka mwezi huu. Hicho ukitume kwanza.

Binti yako,
Rodah