Mguu Ulikuwa Kwenye Breki

Kaka Wendell,

Theluji imeisha huku Moose Jaw, na Mama ameshatoa miche ya nyanya nje, ingawa baridi haijaisha, mbishi kama kawaida.

Gari la zamani la Baba limepona. Lilipochomoka na kuvunja uzio wa kanisa, sote tulisema ni uzee, amekanyaga mafuta akidhani ni breki. Ukapiga simu ukitaka anyang'anywe funguo, Mama akazificha kwenye kopo la unga.

Juzi fundi Orville alifungua boneti akaniita. "Mpira unaoshika injini umekatika. Gari likiondoka injini inainuka, inavuta hiki chuma kinachotoka kwenye pedeli ya mafuta, linazidi kukimbia hata ukiwa umeondoa mguu." Ameweka mpira mpya, na badala ya kile chuma amepitisha waya. Injini sasa icheze itakavyo, waya unajipinda tu.

Baba akasema taratibu, "Niliwaambia mguu ulikuwa kwenye breki."

Mama amemrudishia funguo zikiwa na unga. Jana tumekwenda wote kwenye maonyesho ya magari ya kale. Mtoto wa jirani alitaka kupanda nyuma, Baba akamkatalia.

"Hapo pa Wendell," alisema. "Anakuja kuniomba radhi."

Nimekwambia mapema, ujiandae.

Dada yako,
Corliss